Mama Herufi na Kistari Kilichopotea

Mama Herufi anastaafu Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni. Amefanya kazi kwenye ghala hili miaka thelathini na moja na miezi minne. Mwenye hotuba aitoe kabla ya saa kumi. Saa kumi na dakika moja hatakuwepo, namjua.

Afisa utumishi alishaandika wasifu wake. Ukurasa mmoja na nusu, umejaa mchango mkubwa na moyo wa kujituma. Mama akausoma akiwa amesimama, akaurudisha. Akasema huyo aliyeandikwa humo hamfahamu, labda ni marehemu. Akasema aandike mpakiaji. Mpakiaji ni mimi. Shule niliishia darasa la nne. Anayetaka maneno makubwa akasome ule ukurasa wa afisa utumishi, uko kwenye ubao wa matangazo.

Kwa wageni niseme kwanza kazi yetu. Ghala hili linatunza dawa na chanjo za mifugo. Zinakuja na lori la baridi, tunashusha, tunapanga, zinatoka. Vyumba viko vitatu. Cha barafu ni nyuzi hasi ishirini. Cha baridi ni nyuzi nne. Cha kawaida ni nyuzi ishirini. Kila katoni ina lebo, na lebo ina namba inayosema katoni ilale chumba gani. Majina ya dawa sisi hatusomi. Majina yenyewe hata daktari wa mifugo anayatamka kwa kupumzika katikati. Tunasoma namba. Kuna nne, kuna ishirini, na kuna ishirini ya kistari, ile hasi ya barafu. Namba ikisema, tunabeba.

Lebo hizo zinatoka kwenye programu aliyoiandika Mama Herufi mwenyewe, mstari kwa mstari.

Hakuanza na kompyuta. Alikuja kama mpiga chapa. Mimi sikuwepo, lakini wazee walionitangulia walikuwa wakisimulia kila wakikaa. Kompyuta ya kwanza ilikuja kwenye sanduku la mbao, watu wanne wakaipandisha ngazi. Meneja wa wakati ule akaifunika kitambaa, akaweka chombo cha maua juu yake. Miezi minane ikakaa hivyo. Wageni wakija anawaonyesha kitambaa. Siku moja mpiga chapa akaomba ruhusa ya kuyahamisha maua. Meneja akauliza ayahamishe ya nini. Akasema anataka kuona kama chini yake kuna kitu. Ndivyo kompyuta ilivyoanza kazi hapa.

Hakufundishwa na mtu. Alikuwa na kitabu kilichokuja kwenye sanduku, basi. Mwisho wa kitabu kulikuwa na karatasi ya vyumba vyumba, kila chumba herufi moja na namba yake. Jedwali la herufi. Hilo ndilo lililomshika, na ndilo lililompa jina. Akalinakili kwa mkono, akalibandika ukutani juu ya meza yake.

Alinieleza mimi hivi. Mashine haijui herufi. Inajua namba tu. A kubwa ni sitini na tano, B ni sitini na sita, inakwenda hivyo. Ukibonyeza A, inayosafiri ni sitini na tano. Huko inakofika, mashine nyingine inatazama jedwali lake, inaona sitini na tano, inachora A. Hata nafasi tupu kati ya maneno ina namba yake, thelathini na mbili. Hapo nilikataa. Nikamuuliza kitu ambacho hakipo kinapewaje namba. Akaniuliza, "Kwani siku ya mapumziko haina tarehe?"

Na akaniambia, "Kompyuta ni kuli kama wewe, shemeji. Inabeba namba. Ndani kuna nini haijui, na haijali."

Shemeji alikuwa akiniita kwa sababu ya mke wangu. Mke wangu alikuwa akisafisha ofisi za juu. Siku yake ya kwanza alikuta ule ukuta wenye karatasi ya tarakimu akadhani ni uchafu wa mwaka jana, akaibandua akaitupa. Mama Herufi akashuka mpaka pipa la taka, akachimba, akairudisha ikiwa na majani ya chai. Wakagombana asubuhi, mchana wakala pamoja. Toka siku hiyo wakaitana dada.

Wapakiaji nasi tulijifunza. Si kwa kupenda elimu, kwa kupenda matusi. Meneja wa nne alikuwa na mwendo wa kutanguliza shingo. Mtu mmoja, sitamtaja na bado yupo zamu ya asubuhi, akaandika kwa chaki kwenye nguzo ya mapokezi: 75 85 75 85. Meneja akapita hapo mwezi mzima. Akadhani ni hesabu ya katoni, siku moja akatusifu kwa kuweka kumbukumbu. Nenda katafute kwenye jedwali mwenyewe. Mama Herufi alipoiona akasimama, akasogeza midomo, akasahihisha. Mwanzoni ile sabini na tano ya pili tulikuwa tumeiandika sabini na nne. Akasema kama ni kutukana, tutukane kwa usahihi.

Chai yake ni mbaya. Nasema hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Anachemsha majani mpaka yanaomba msamaha. Na mikutano haipendi. Kwenye mkutano wa mwaka aliwahi kukaa nyuma anashona kifungo cha koti la mlinzi, alipoulizwa maoni akasema uzi umeisha.

Amefanya kazi na mameneja sita. Wote aliwafundisha kuwasha kompyuta. Wawili alifanikiwa.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa mwaka wa kumi na saba wa kazi yake, wa tisa wa kwangu. Jumatatu lori lilileta katoni arobaini za chanjo ya kuku. Karani wa mapokezi alikuwa na maarifa mapya wiki hiyo. Zamani alikuwa akisoma barua ya muuzaji na kupiga namba kwa vidole. Sasa alikuwa anainakili barua kutoka kwenye kompyuta na kuimwaga kwenye programu, anakaa anapunga upepo. Lebo zikatoka. Nikapewa katoni, nikasoma: ishirini.

Katoni ilikuwa inauma mikono hata na glavu. Nikamwambia, "Karani, hizi ni za barafu."

Akasema, "Wewe soma lebo, usisome mikono."

Nikasoma tena. Ishirini. Nikazipeleka chumba cha kawaida, zote arobaini, nikazipanga vizuri kabisa.

Jumatano daktari wa mifugo akafungua moja. Ndani maji. Akafungua nyingine, maji. Arobaini zote.

Nikaitwa juu. Meneja wa nne, huyo huyo wa nguzo, akaniuliza kama ishirini na hasi ishirini sijui tofauti. Nikamwambia naijua, kistari hakikuwepo. Akasema, "Kistari kimekwenda wapi? Kimeomba likizo?" Karani akaulizwa kama nilimwambia kitu. Akatazama dari, akasema hakumbuki. Meneja akasema Ijumaa barua yangu ya kuachishwa kazi itakuwa tayari. Mpaka hapo nikae kwenye benchi la getini, ndani ya ghala nisionekane.

Mke wangu nilikuwa nimemzika miezi minne nyuma. Watoto watatu, wa mwisho hajaanza shule. Kazi nyingine siijui. Hayo yanatosha.

Mama Herufi hakuitwa na mtu. Alishuka mwenyewe na penseli yake sikioni, akaenda kwenye katoni, akabandua lebo moja, akaitazama karibu mpaka pua ikagusa. Kabla ya ile ishirini hakukuwa na kistari. Hata nafasi ya kistari haikuwepo. Akapanda juu, akafungua barua ya muuzaji kwenye kompyuta. Humo kistari kilikuwepo. Akakiuliza namba yake.

Kistari cha kwenye kibodi ni arobaini na tano. Hiki kilikuwa mia moja na hamsini.

Akanieleza pale getini kupitia nondo. Muuzaji aliandika barua yake kwenye mashine inayopenda urembo. Ukipiga kistari kifupi, inakirefusha bila kukuuliza ili barua ipendeze. Kwa macho hivyo viwili ni kistari na kaka yake. Kwa mashine hawajawahi hata kukutana. Karani alipokuwa akipiga kwa vidole kilikuja kifupi siku zote. Aliponakili kikaja kile kirefu.

Alikuwa na furaha siku hiyo. Akasema, "Umepona, shemeji. Printa ndiyo iliyokila." Printa ya lebo ilikuwa ya zamani, na ilishakula mambo mengi kabla ya hapo.

Akaenda kwa meneja na habari hiyo. Meneja akasema yeye haamini mtu, anaamini karatasi. Kama printa haikijui kistari hicho, aonyeshwe kwenye kitabu cha printa. Printa yenyewe alishaifungia kabatini ofisini kwake, kufuli na funguo, kama mtuhumiwa. Hakuna kuijaribu mpaka karatasi ije.

Hapo ndipo pana jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa, nawaeleza polepole. Jedwali lina nusu mbili. Nusu ya chini, kuanzia sifuri mpaka mia na ishirini na saba, dunia nzima ni moja. A ni sitini na tano popote uendapo. Nusu ya juu, mia na ishirini na nane kwenda mbele, enzi zile kila mtengenezaji wa mashine alijaza anavyotaka. Mmoja kaweka kistari kirefu, mwingine kwenye chumba hicho hicho kaweka ua. Kwa hiyo jedwali la ukutani kwa Mama halikusaidia. Lilihitajika jedwali la printa ile ile. Mtandaoni alitafuta, hakupata, kampuni iliyounda printa ile ilishakufa ikazikwa.

Kitabu alikipata. Kilikuwa chini ya mguu mfupi wa mizani. Akakichomoa, mizani ikalala upande, akafungua mwisho. Kurasa za mwisho hazipo. Zimechanwa. Akatoa maneno ambayo hayamo kwenye jedwali lolote.

Akaja getini. "Shemeji, nani amechana kitabu cha printa?"

Nikasema, "Mimi."

Miaka mitatu kabla ya hapo kioo cha chumba chetu cha kubadilishia nguo kilivunjika. Upepo ukawa unatupiga migongoni. Tuliomba kioo, tukaambiwa ombi linashughulikiwa. Nikatafuta karatasi nene. Zile za mwisho wa kitabu zilikuwa nene kuliko zote, na hazikuwa na maneno, vyumba tu na herufi moja moja. Nikasema hizi hazina kazi. Nikabandika dirishani kwa uji wa ngano.

Nilidhani atanipiga. Alicheka mpaka akashika geti. Halafu akaniambia twende. Nikamkumbusha sitakiwi kuonekana ndani. Akasema basi nitembee nyuma yake, yeye ni mnene.

Chumba kile wanawake hawaingii. Akaingia. Mwenzetu mmoja alikuwa na chupi tu, akaruka kutafuta shati. Mama akamwambia asijisumbue, yeye hapo anaona thelathini na mbili. Kwa waliosahau, thelathini na mbili ni ile nafasi tupu. Mwenzetu huyo hakuja kazini kesho yake.

Tukabandua karatasi kwa maji ya moto na kisu cha kukatia kamba. Jua lilikuwa limeifanya njano, nzi wameongeza nukta zao, lakini ilitoka nzima isipokuwa pembe moja. Akaitandaza kwenye benchi. Akaweka kidole arobaini na tano: kistari kifupi. Akashuka na kidole mpaka mia moja na hamsini.

Palikuwa na u yenye kofia. Herufi u, juu yake kikofia kama paa la nyumba. Lugha fulani wanaitumia.

Mimi nikafurahi. Nikasema, "Si kistari. Kwa hiyo printa haikijui. Tumeshinda."

Yeye hakufurahi. Alikaa chini. Akaniambia, "Printa ingepewa mia na hamsini, ingechapa hiki kikofia. Ungeona u yenye kofia mbele ya ishirini ungeibeba?"

Nikasema nisingeibeba. Ningeuliza.

"Haikuchapa kofia. Haikuchapa kitu. Maana yake haikupewa kitu. Kuna mtu njiani alikidondosha."

"Nani?"

"Mimi."

Akanisimulia. Miaka sita nyuma, meneja wa tatu alikuwa akilalamika lebo chafu. Majina ya wauzaji wa nchi za mbali yalikuwa yakitoka na masharubu na kofia, maana nusu ya juu ya kompyuta na nusu ya juu ya printa hazikuelewana. Meneja akataka lebo safi kabla wakaguzi hawajaja. Njia sahihi ilikuwa kukaa chini na majedwali mawili, kulinganisha chumba kwa chumba, kila namba ipewe mwenzake. Kazi ya wiki tatu. Akapewa siku moja. Akaandika mstari mmoja tu: namba yoyote inayozidi mia na ishirini na saba, iruke. Lebo zikawa safi. Wakaguzi wakasifu. Akaahidi kurudi kuitengeneza vizuri, na nyinyi wote mnajua ahadi kama hiyo inavyoishi.

Sasa mjue na jambo jingine. Wiki hiyo hiyo alikuwa anangoja kupandishwa. Mkuu wa idara ya kompyuta, kuanzia tarehe moja. Barua ilishachapwa, ofisi yenye mlango ilishapakwa rangi. Kila mtu alijua, hata muuza maandazi wa nje.

Nikamwambia, "Mama, mwachie printa. Printa haina watoto."

Akaomba chai. Nikampa yetu, akaonja akasema haina nguvu, akainywa yote. Akatazama lile dirisha, lilikuwa wazi na upepo unaingia. Akasema, "Rangi ya ofisi ile nilichagua mwenyewe, unajua? Ya bluu."

Nikasema najua, ndoo nilizibeba mimi.

Akasema, "Printa ikisingiziwa itatupwa. Italetwa mpya. Mstari wangu utabaki pale pale. Safari nyingine itadondoka alama kwenye kipimo cha dawa ya ng'ombe wa mtu, na atafukuzwa kuli mwingine, na mimi nitakuwa nimekaa ofisi ya bluu najua."

Akakaa tena. Nasema hivi kwa sababu wengine wanasimulia kwamba aliondoka hapo hapo kama askari. Si kweli. Alikaa mpaka kikombe kikapoa mkononi. Mara mbili aliikunja ile karatasi kama anayetaka kuiweka mfukoni. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu. Ningeweza kumwambia asiende. Nilishasema mara moja, mara ya pili ulimi haukuinuka. Nilikuwa naiwaza Ijumaa.

Akainuka akaenda.

Nilimfuata mpaka kwenye korido. Mlango haukufungwa.

Meneja akauliza, "Kwa hiyo printa haina kosa?"

"Haina."

"Na kuli?"

"Alisoma kilichoandikwa. Na alimwambia karani, muulize tena karani akiwa hatazami dari."

"Basi ni karani."

"Karani alinakili. Hakuna aliyemkataza."

"Basi nani, mama? Jini?"

"Mstari wa mia mbili na kumi na nne. Niliuandika mimi."

Meneja akasema, kwa sauti ya chini, na hapo nampa haki yake, hakuwa mtu mbaya, ni shingo tu: "Barua yako ya kupandishwa iko hapa mezani. Unaiona?"

"Naiona. Imechapwa vizuri."

Akafungua kabati, wakaitoa printa, wakaichomeka. Mama akaituma mia na hamsini moja kwa moja, bila kupitia programu yake. Lebo ikatoka na u yenye kofia. Akaituma tena kupitia programu. Lebo ikatoka tupu, nyeupe kama shuka. Meneja akaitazama ile tupu muda mrefu.

Alhamisi mchana nikarudishwa kazini. Karani akakumbuka, akasema samahani, akaninunulia soda. Mama Herufi akapewa onyo la maandishi. Ofisi ya bluu ikapata mwenyewe, kijana wa watu, hana ubaya, alijua kufungua barua pepe na siku nyingine hata kuifunga. Mama akabaki kwenye meza yake ya juu penye ngazi. Amekaa hapo miaka kumi na minne mingine. Mkuu wa idara hakuwa tena. Wakuu watatu wamepita wakimuuliza kila kitu.

Wiki tatu alizonyimwa zamani, safari hii hakuomba. Alizichukua. Alikaa na ile karatasi ya nzi upande mmoja na jedwali la kompyuta upande wa pili, akalinganisha chumba kwa chumba, vyote mia na ishirini na nane vya juu. Kistari kirefu akakipeleka kwa mdogo wake arobaini na tano. Kofia zikapelekwa kwa kofia. Na kile kisicho na mwenzake popote, hakirukwi. Kinatoka kiboksi cheusi kwenye lebo, na mashine inasimama mpaka mtu aje aangalie kwa macho yake. Akaongeza na neno BARAFU kwa herufi kubwa karibu na namba. Nilimuuliza kwa nini hilo halikuwepo toka mwanzo. Akasema hilo ndilo swali la maana zaidi aliloulizwa kazini, na limetoka kwa mtu wa darasa la nne.

Siku hizi printa ni nyingine na kompyuta ni nyingine. Jedwali nalo limekuwa kubwa, anasema sasa lipo moja la dunia nzima, lina vyumba vya kila lugha na hata vya vikatuni vya kucheka. Lakini viboksi vyeusi bado vinakuja, kila mtu akijifanya mjanja huko anakoandika. Kila kimoja amekibandika kwenye daftari na tarehe yake na sababu yake. Vimefika mia mbili na sita. Katoni iliyoharibika kwa lebo ndani ya miaka hiyo kumi na minne, hakuna.

Mpakiaji mpya akija, siku ya kwanza namfundisha mimi. Kuinama kwa magoti si kwa mgongo. Kutosimama nyuma ya lori. Na ukiona kiboksi cheusi, usibebe, hata meneja akikusukuma. Wanauliza nani alisema. Nawaonyesha juu ya ngazi.

Na kioo cha dirisha tulipata wiki ile ile. Mama alikiandika kwenye ripoti ya tukio kama sababu ya tatu. Hakuna aliyethubutu kusema linashughulikiwa.

Sasa afisa utumishi ameisoma rasimu hii. Amesema ni nzuri, isipokuwa lile onyo nilitoe. Si jambo la kuweka kwenye sherehe, akasema, liruke tu, hakuna atakayejua. Nikamwambia kuruka ndiko kulikotuharibia katoni arobaini. Akanitazama. Nikamwambia likitoka onyo na mimi natoka, asome ule ukurasa wake. Limebaki.

Nikamwomba na kingine. Nilimwomba anionyeshe faili langu. Miaka ishirini na tatu ya kazi, halina onyo hata moja, safi. Halafu akanionyesha la Mama Herufi. Lina onyo moja tu, la mwaka ule, lina mhuri. Karatasi yake imepigwa chapa siku ya Ijumaa, ile ile niliyoambiwa barua yangu itakuwa tayari. Watoto wangu watatu wamekua juu ya barua hiyo. Wa mwisho anamaliza ufundi umeme mwaka huu.

Mama, asante. Nimeiandika mara ya kwanza, kwa mdomo sijawahi kukwambia na Ijumaa labda nitashindwa.

Umesema hutafuga kuku, umetosheka nao. Umesema utalala. Basi lala mpaka uchoke kulala, ukiamka usitafute penseli. Wapakiaji wote, wa asubuhi na wa mchana, pamoja na yule wa thelathini na mbili, tunakuombea afya, siku nyingi, magoti yasiyolia, na mtu wa kukupikia chai. Ile barua ya onyo umeibeba peke yako miaka kumi na minne. Ijumaa ukitoka iache hapa getini. Kubeba ni kazi yetu.

Uishi vizuri, Mama.